Jiwe la kusagia la Mama

Jumapili. Kitale imeamka na ukungu, mvua inatisha tu bila kunyesha. Niliamka nimechoka, na sasa jioni inaingia nikiwa bado nimechoka.

Mama yuko hapa kwangu Kibomet tangu kiharusi kilipomlegeza mkono wa kushoto. Namwogesha kabla sijaenda shuleni, namgeuza kitandani nikirudi. Siku hizi hali chakula. Uji wa wimbi wa posho mill, ile mashine ya kusaga ya mtaani, anauonja mara moja, kisha anausukuma kando. Ati unanuka chuma. Anataka wimbi la kusagwa kwa jiwe, kama alivyokuwa akisaga mwenyewe nyumbani Bungoma.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Wiki hii nilikuwa nafundisha aina za miamba, tena kwa sauti ya mtu anayesinzia. Mwamba wa moto unatokana na mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi. Yakipoa polepole huko chini, tunapata graniti, ngumu na yenye chembe kubwa. Yakitapikwa na volkeno, yanapoa upesi, na majivu yake yanaweza kushindiliana yakawa jiwe laini, jepesi. Mwamba wa mashapo ni mchanga na tope lililobebwa na maji, likatua tabaka juu ya tabaka mpaka likashikana. Metamofiki ulikuwa mwamba mwingine kwanza, ukabanwa na joto na uzito hadi ukageuka bila kuyeyuka. Nikawaonyesha Mlima Elgon upande huu, Cherangani upande ule, kengele ikalia.

Yote hayo nayajua, na bado nikabeba jiwe lisilofaa.

Nilikuwa nimeenda Endebess kwa rafiki yangu. Kando ya shamba lao kulikuwa na mawe yaliyong'olewa na trekta. Moja lilikuwa jeusi, zito, lenye uso mzuri. Lingine la kijivu, bapa, jepesi. Nilijua lile la kijivu ni majivu ya volkeno yaliyoganda. Nilijua kabisa. Lakini mgongo ulikuwa unaniuma, na kuomba msaada nako ni kazi.

Nikabeba la kijivu.

Nikasaga wimbi, nikachemsha, nikampelekea Mama nikijiona binti mwema. Alimeza kijiko kimoja, akatafuna kitu ambacho uji hauna.

"Nanjala, hii uji iko na mchanga. Hiyo jiwe yako inajisaga yenyewe."

Nilicheka naye. Kisha nikaenda jikoni nikalia, bomba la maji likiwa wazi ili asinisikie.

Kwa hiyo jana nilimwacha na jirani, nikaenda Bungoma kuchukua jiwe lake mwenyewe. Nyumbani kwetu ni mbele kidogo ya Kanduyi. Siku hizi anaishi hapo ndugu yangu mdogo, Wekesa, na mke wake. Jiwe liko palepale jikoni kwa Mama, graniti yenye vijichembe vinavyometa, katikati limelika kwa miaka ya mikono yake. Likiwa laini sana alikuwa analigongagonga kwa jiwe lingine kali mpaka lirudishe meno. Nimelala utotoni nikisikia mlio ule.

Niliinama nilinyanyue. Wekesa akaweka mguu juu yake.

"Hapana, dada. Hiyo jiwe haitoki hapa. Si unajua?"

Najua. Kwetu jiwe la mama mwenye nyumba halitolewi jikoni kwake akiwa hai. Linatolewa akishazikwa.

"Wekesa, hali chakula. Nifanye nini?"

"Ukilibeba leo, watu watasema tumemaliza matanga bila mwili. Na yeye mwenyewe atasema hivyo, bana."

Nilimkasirikia. Yeye hajawahi kumgeuza Mama kitandani hata usiku mmoja, lakini mila anazijua zote. Nilitamani kumtupia sufuria. Nikanywa chai ya mke wake, nikarudi Kitale mikono mitupu.

Leo baada ya ibada nimemweleza Mama. Nilidhani atahuzunika. Nimemwambia Wekesa amekataa, jiwe limebaki.

Uso wake ukafunguka. Sijauona hivyo tangu augue.

"Kwa hivyo bado liko jikoni kwangu?"

"Liko, Mama."

"Basi mimi bado niko na nyumba. Nipeleke."

Akaomba uji. Nikampa ule ule wa posho mill, nikijua atausukuma. Amemaliza kikombe, ananiuliza tu tunaenda lini. Nimesema Jumamosi. Nimeahidi kabla sijamuuliza mke wa Wekesa kama ataweza kumwogesha, kumlisha, kumnyanyua. Hata mimi hakuna aliyeniuliza, siku ile Mama alipoletwa hapa.

Sasa amelala. Nimekaa nje ya mlango wake na madaftari ambayo sijasahihisha, na ninajisikia mwepesi. Hilo ndilo linalonitisha. Niliposema Jumamosi, kabla sijafikiria furaha yake, nilifikiria Jumapili: kulala hadi saa mbili, bila mtu kuniita.

Nampenda Mama. Nimechoka naye. Yote mawili ni kweli, na hakuna linaloliondoa lingine.

Nikimrudisha nyumbani, nitakuwa nimemsikiliza, au nitakuwa nimemtua tu kama mzigo?