Upande Asioutazama Baba

Florida, 12 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Baba hamjambo, na lile goti lako limetulia baada ya palizi. Mimi ni mzima wa afya, ila nimepata mshtuko leo na sina wa kumweleza hapa, maana wote watanicheka.

Kazi yangu unaijua. Miaka yote hii naifundisha kompyuta kutabiri kimbunga kitapita wapi kabla hakijafika. Vimbunga vya bahari ya huku nimevizoea kama mwalimu anavyozoea darasa lake, najua kipi kitageuka na kipi kitaishia njiani. Leo, kwa hamu tu ya nyumbani, nikafungua modeli yetu niangalie mvua ya Kyela. Mama, hatupo!

Ngoja nikueleze. Modeli inaikata dunia kwa miraba, kama kile kitambaa chako cha meza cha Pasaka, na kila mraba unapewa kimo kimoja na mvua moja. Mraba wetu umechanganywa na milima ya Livingstone, ukapigwa wastani. Kwa hiyo, kwenye kompyuta ya wasomi, kijiji chetu cha Ikolo kiko juu mlimani kwenye baridi, na ncha ya ziwa letu ni nchi kavu. Kila utabiri wa kwetu uliowahi kutoka kwenye kompyuta hii ulikuwa wa mahali pasipokuwepo, na mimi nimeikalia miaka yote hiyo bila kujua.

Nimemfuata bosi. Amesema kituo chetu ni cha vimbunga, si cha maziwa ya watu, lakini ameniruhusu nitengeneze miraba midogo ya kaskazini mwa Nyasa kwa muda wangu mwenyewe. Nitaitengeneza. Mafuriko yajayo nataka niyaone mimi kabla hayajawaona ninyi.

Nisalimie Baba, kaka Godwin na mkewe.

Mwanao,
Tusekile


Ikolo, 20 Novemba 2024

Mwanangu Tusekile,

Marahaba. Ugonile, umeamkaje? Sisi huku hatujambo, goti linaniuma likitaka. Naandika kwenye simu, lakini ualimu haustaafu: barua ni barua, na haianzi bila salamu. Wadogo zako wa siku hizi wananiandikia "mambo" na kidole gumba, siwajibu.

Nimemsomea baba yako habari ya mlimani. Kwanza alisema, "Mwambie basi anitumie koti." Kisha akauliza, "Yaani wametufuta na ziwa letu lote?" Imemuuma. Tangu siku hiyo kila anayepita hapa anaambiwa kwamba binti yake yuko Amerika analirudisha ziwa mahali pake.

Godwin yuko Tunduma na malori yake. Mkewe, Doreen, ni mjamzito, na vituko vya hapa nyumbani ndiyo vimezidi. Unamjua baba yako na ile mila ya mkwe na mkamwana. Wengi wameilegeza, yeye hajailegeza hata kidogo: hawatazamani, hawaitani, hawakai chini ya paa moja. Akimwona Doreen anakuja na ndoo, anajitosa kwenye kokoa. Doreen naye amelelewa na bibi yake kule Njisi, kafundishwa akafundishika. Anajifunika kanga uso mzima na kuchutama mpaka mzee apite. Juzi wamekutana ghafla kwenye kona ya choo, wakakimbiana, mmoja migombani, mwingine kwenye shimo la takataka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mchungaji amesema mpaka amechoka, na baba yako anamjibu kwamba mtu aliyeoa mjini hawezi kujua mambo haya.

Fanya kazi yako vizuri. Ndaga fijo, asante sana kwa kutukumbuka.

Mama yako


Florida, 9 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Naomba unisamehe, salamu leo ni fupi. Mko salama? Maji yamefika wapi?

Ile miraba midogo imekamilika mwezi uliopita. Leo asubuhi nimeiendesha na nilichokiona kimenitoa jasho. Mawingu yanatoka ziwani, yanagonga milima, yanasimama. Kuanzia kesho jioni mvua itamwagika Rungwe na kwenu kwa pamoja, na mito yote itashuka na maji ya mlimani juu ya maji ya tambarare. Nimeiendesha upya mara nyingi nikiomba inipinge. Haikunipinga.

Najua mmezoea mafuriko, maji yanaingia na kutoka. Haya siyo hayo. Kesho mchana muwe mmeshahama, nendeni Ipinda, mkae mpaka niwaambie. Waambie na majirani. Mwambie Baba ni mimi ninayemwomba, kwa magoti.

Mwanao,
Tusekile


Ipinda, 11 Aprili 2025, asubuhi

Mwanangu mpendwa,

Mungu akubariki wewe na kompyuta yako! Tuko Ipinda, wazima, tumekunywa uji. Mvua iliyonyesha usiku sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Wanasema nyumba za Ikolo karibu na mto zimebaki mapaa tu, na yetu ni mojawapo. Tungelala mle!

Majirani nao waliondoka, kila mtu na njia yake. Sisi tulichukuliwa na Athuman, yule mfanyabiashara wa mchele, kwa pikapu yake. Mimi nilikaa mbele kwa sababu ya goti, baba yako na Doreen nyuma na magunia. Mzee alileta ubishi, eti akae na mkamwana goti kwa goti? Nikamwambia apande ageukie nje, maji hayamsubiri. Akapanda. Tulipofika, sisi tulishuka kwa binamu ya baba yako, tukakimbilia ndani kwa mvua, na Athuman akaenda kumshusha Doreen kwa shangazi yako Neema, maana paa moja ndiyo haiwezekani kabisa.

Hatujapoteza mtu. Baba yako anatembea kifua mbele.

Mama yako


Florida, 11 Aprili 2025

Mama wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa nikalia kwa sauti. Wenzangu wa zamu ya alfajiri walikuja wakidhani nimefiwa. Nilipowaeleza, wakapiga makofi ofisi nzima. Bosi amesema miaka yake yote ya vimbunga hajawahi kuwajua kwa majina watu waliookolewa na utabiri wake. Ameniambia niandike ripoti leo leo, na nimeandika: onyo lilifika, watu walihama, hakuna aliyepotea.

Msirudi bado. Mvua nyingine inajikusanya.

Mwanao mwenye furaha,
Tusekile


Ipinda, 11 Aprili 2025, mchana

Tusekile,

Ifute hiyo ripoti. Doreen hayupo.

Nimekwenda kwa shangazi yako kumjulia hali, naye akaniuliza Doreen anaendeleaje huko kwetu. Tumetazamana. Yeye alidhani yuko kwetu, sisi tulidhani yuko kwake. Athuman anaapa kwamba alipofika kwa Neema alikuta nyuma kuna magunia tu, akajua ameshuka na sisi. Nimerudi mbio na goti langu hili.

Nimemuuliza baba yako, "Mlipanda wote?" Anasema alisubiri pale chini, akasikia mtu anashuka upande wa pili, akajua anasogea kumpisha, atapanda tena. Akapanda, akageukia nje na turubai kichwani, na shingo yake haikugeuka mpaka Ipinda. Hakutazama hata mara moja. Mwanangu, yule binti aliona mzee anasita ndani ya maji, akashuka ili mkwe wake apande! Na tumbo lake lile! Na sisi tukaondoka.

Simu yake haipatikani. Godwin sijamwambia, sijui nianzie wapi.

Mama yako


Florida, 11 Aprili 2025

Mama!

Nisikilizeni. Mvua ya pili inaanza Rungwe sasa hivi, na jioni maji yatakuwa bondeni, makubwa kuliko ya jana. Anayekwenda kumtafuta Doreen aende na mtumbwi na watu wanaoujua mto, na awe ametoka kabla ya jioni. Baba asiende! Namjua, atataka kwenda. Mshikeni. Mfungieni mlango ikibidi.

Nijibu neno moja tu.

Tusekile


Florida, 13 Aprili 2025

Mama, shikamoo. Napiga, hampatikani. Kwa shangazi sipati, kwa Athuman sipati. Kwenye kompyuta naona maji yamefika mpaka barabarani, lakini watu siwaoni. Nijibu, tafadhali.

Mwanao


Ikolo, 22 Aprili 2025

Mwanangu Tusekile,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Godwin amekupigia, kwa hiyo la kwanza unalijua, kwamba baba yako hatunaye, na kwamba Doreen yu hai na mimba yake salama. Kaka yako alikuwa analia, hakuweza kukueleza yaliyopita katikati. Mimi nitayaeleza, ingawa mpaka sasa sijayaamini.

Siku ile nilipomaliza kumuuliza, baba yako alikaa kitako chini. Kisha akasema, "Doreen." Sijawahi kumsikia akilitamka jina lile tangu Godwin amwoe. Nilipokuwa nimeinamia simu nakuandikia, alichukua fimbo akatoka. Ujumbe wako wa kumzuia ulifika ameshaondoka. Nilimfuata na goti langu hili mpaka sokoni, nikamkosa, na simu ikazima. Umeme ulikuwa umekatika kila mahali.

Kabla ya jioni, nikiwa kwa shangazi yako, Doreen akaingia akiwa mzima, matope mpaka kiunoni. Alikuwa amelala darasani, shule ile iliyo kwenye mwinuko, pamoja na wengine, na jirani yetu Jubilate akawapakia kwenye pawatila yake, kile kitrekta cha kulimia mpunga. Nilimkumbatia nikapiga kelele. Nikamwuliza, "Njiani hukumwona baba yako?"

Alimwona, Tusekile. Walipishana barabarani, yeye anakuja, mzee anakwenda. Doreen akafanya alivyofundishwa, akajifunika uso kwa kanga na kuinama. Baba yako alipoona mwanamke anajifunika, akageukia majanini mpaka pawatila ikapita. Jubilate alimsalimia kwa sauti, mzee akainua fimbo bila kugeuka. Bila shaka alidhani ni mkamwana wa mtu mwingine, maana wapo wengi wenye adabu kwenye njia ile. Akaendelea kwenda mtoni kumtafuta.

Doreen aliniambia, "Mama, nilidhani anakwenda kuangalia ng'ombe. Sikuwaza kwamba ananitafuta mimi."

Vijana walikwenda na mtumbwi, maji yakawarudisha. Wavuvi walimpata baba yako kwenye matete, maji yalipopungua. Tumemzika hapa nyumbani, penye migomba, hatukuweza kukusubiri, na najua utalilia jambo hilo. Watu walikuwa wengi mno. Wengi wao wako hai kwa sababu yako, na walinishika mkono wakisema ndaga, ndaga. Ripoti yako irekebishe, lakini usijilaumu. Maji uliyaona yote. Haya mengine tulikuwa nayo ndani.

Jambo moja Godwin hawezi kukuambia, maana alikuwa amegeuka asione. Kabla ya jeneza kufungwa, Doreen alisimama akaja mbele. Wanawake wakamshika, wakamwambia mkamwana hafanyi hivyo. Akajitoa mikononi mwao, akashusha kanga begani, akamtazama baba yako usoni muda mrefu mpaka kelele za kilio zikanyamaza. Akaniambia, "Mama, kumbe Godwin amefanana naye hivi?" Kisha akamwinamia.

"Baba," akasema, "niko hapa. Ni mimi, niko hapa."

Ndipo wakafunga.

Mama yako