Ngamia Tulimla, Mtambo Umekufa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijarukwa na akili. Mimi ni mkulima wa miwa kando ya Mto Wami, na mwaka jana nililetewa kutoka Unguja mtambo wa mvuke wa kuzungusha kinu cha kukamulia miwa, nami kwa furaha nikamchinja ngamia aliyekuwa akikizungusha, nikafanya karamu, kijiji kizima kikashiba, na sasa mtambo umekufa. Mke wangu Tabia alinionya nisiujaze maji ya mtoni bahari ikijaa, maana chumvi hupanda hadi kwetu, nikamjibu chuma hakina ulimi. Chumvi imeganda ndani, mabomba yameliwa, tangi limepasuka. Fundi anasema atalitia kiraka, ila yeye mwenyewe hatasimama karibu mtambo ukiwashwa. Miwa iliyokatwa inachacha uani, na nikitoka msikitini wananiuliza, "Rehani, ngamia hajambo?" huku wakijilamba vidole. Kaka yangu Mikidadi anataka kuniazima watumwa wake wausukume ule mti wa kuzungushia kinu. Tabia aliposikia hakupiga kelele. Alisema, "Mama yangu alisukuma kinu kama hicho Pangani hadi mimba ikamharibikia. Mtu akifungwa kwenye ule mti, mimi sipo." Mshauri, sioni njia: nitengeneze, ninunue mwingine, au nimkubalie kaka?

Rehani, Wami

Pole, Rehani. Naitanguliza kwa sababu baada ya hapo sina neno tamu. Umemla mnyama aliyekulisha, ukakinywesha chuma maji ya chumvi, na sasa unaniuliza kama umfunge binadamu mahali pa ngamia! Na swali hilo umelisukuma mwishoni, kana kwamba ni dogo. Kaka yako hakuazimi msaada, anakuazima dhambi yake.

Mtambo usiutengeneze. Tangi la kiraka likipasuka litamuua mchochea moto, si wewe. Wala usinunue mwingine. Mto wako ni uleule. Miwa iliyochacha imekwenda, ililie, kisha ifukie. Iliyosimama shambani bado ni yako. Katika hao wanaokucheka, mtafute mwenye punda, mwamkie vizuri, mpe fungu la sukari guru. Watakucheka msimu mzima. Kicheko hakiui.

Lakini kabla ya punda, anza na Tabia. Mwambie kuhusu maji alisema kweli, kisha mbele yake umjibu kaka yako: hapana. Mikidadi akishikilia kwamba kinu lazima kisukumwe na watu, mkabidhi mti, aanze yeye.