Mhasi Naye Ahasiwe

Ruiru, Jumanne, 1956

Kansa, tena huko chini, kwenye tezi ya kiume. Daktari wa Thika anataka nichague: nimeze vidonge ambavyo vitaniotesha matiti, au nikatwe makende yote mawili, ati ndiyo yanailisha hiyo kansa.

Mimi! Ninayeitwa kila shamba kutoka hapa mpaka Kamenu kuhasi mafahali!

"Hutaumia sana," akasema. "Utatulia, unenepe kidogo." Maneno yangu yale yale. Nimewaambia wenye ng'ombe hivyo miaka ishirini, na sijawahi kumwuliza maksai hata mmoja.

Wambui, mke wangu, alilia kwanza, kisha akauliza, "Baba Njeri, sasa utaacha kugombana na jirani juu ya mpaka?" Nikamwambia sijui. Alifuta machozi haraka mno.

Kufa naogopa. Matiti nayaogopa zaidi, hasa kanisani.

Jioni nilimpelekea majani maksai wetu, yule niliyemhasi mwaka jana. Alinitazama, akaendelea kutafuna.

Basi wakate. Nitamwomba daktari kitu kimoja tu: anoe kisu. Mimi kuna siku sikunoa.