Baba Anawaaga Majirani kwa Safari ya Venisi Isiyokuwepo

Mpendwa Bi Mahfoudha, shikamoo. Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako, maana jambo lililonifika nimeshindwa kumwambia mwalimu wangu wala rafiki, na nyumbani kila mtu ana upande wake. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, naishi Changamwe na wazazi wangu, na jina langu naomba ulifiche.

Baba yangu alikuwa akiendesha kreni bandarini Kipevu. Miaka yake yote ya kazi alikaa juu katika kile kijumba cha kioo akishusha makontena, na yeye mwenyewe hajapata kupanda meli hata moja ikamtoa Mombasa. Mwaka jana alianza kushindwa kumeza, mwanzo wali, halafu mkate, halafu hata ndizi mbivu, na hospitalini tukaambiwa ni saratani ya umio na imeshakwenda mbali. Matibabu hayakusaidia, na mwishowe daktari alimwita Mama kando akamwambia tumrudishe nyumbani, tumtunze, na tumpe kile ambacho roho yake inataka. Mama akadhani ni chakula. Akampikia mkate wa sinia, akampondea samaki katika supu, akamchemshia tambi kwa maziwa mpaka zikalainika kama uji, na Baba akawa anazitazama sahani tu kama mtu anayetazama picha.

Siku moja nikamwuliza, “Baba, wewe hasa wataka nini?”

Akanijibu, “Nataka kuiona Venisi.”

Nilifikiri ni homa, lakini akanieleza vizuri kwamba zamani ilikuja meli iliyoandikwa jina la mji huo nyuma, akaishusha mizigo yake, kisha akawauliza mabaharia wake ni mji gani huo, wakamwambia ni mji wa Italia ambao barabara zake ni maji. “Nikasema siku moja nitakwenda nione kama ni kweli au walinicheza shere,” akasema.

Basi nikachukua simu ya Mama nikaanza kusoma habari za Venisi, nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza nyuma, nikachora ule mji kwa kalamu ya buluu, ule mfereji mkubwa unaojipinda katikati na ile mifereji midogo inayokatiza kila mahali, nikaibandika ukutani mbele ya kitanda chake. Kila nikitoka shule, baada ya alasiri, tulikaa tukapanga safari ya siku tatu, wapi tutalala, wapi tutasali, tutapanda boti ipi kwanza. Ilikuwa ndiyo saa pekee ambayo hakugumia kwa maumivu.

“Hakuna gari kabisa?” aliniuliza.

“Hakuna, Baba, wala bodaboda. Ni boti na miguu.”

“Kumbe watu wa Likoni wangestarehe huko. Feri mpaka mlangoni kwako!” Akacheka mpaka akakohoa, na Mama akaja mbio kutoka jikoni akidhani kuna jambo.

Siku nyingine alinyoosha kidole. “Na hiki kisiwa chenye ukuta pande zote?”

Nilitaka kumwambia ni bustani, lakini sikuweza. “Ni makaburi, Baba.”

“Wafu wao wanavushwa kwa boti?”

“Ndiyo.”

Akakitazama tena. Halafu akauliza, “Sisi tutapita hapo?”

“Boti inayokwenda kisiwa kile wanakotengeneza vioo inapita hapo hapo.”

“Basi tupite,” akasema.

Siku ya kwanza na ya pili tulizimaliza zote, lakini ya tatu, ambayo ndiyo siku ya kurudi, kila nikiianza Baba huniambia, “Hapo wacha kwanza, mama, tutaangalia,” au hufumba macho. Nikawa nasubiri apate nguvu tuimalize, maana sipendi kazi ya nusu.

Bi Mahfoudha, mpaka hapo mimi niliuona kama mchezo wetu wawili. Lakini unajua kwetu mtu akitaka kusafiri mbali, hasa akienda Hijja, huwazungukia majirani na jamaa akiwataka radhi, ili asiondoke na haki ya mtu shingoni. Ijumaa moja Baba alisema avalishwe kanzu yake nyeupe, ambayo sasa yamwelea kama imetundikwa kwenye kamba, akashika bega langu, akaanza kuzunguka mtaani. Kwa kila mlango alisema, “Mie nasafiri, nakwenda Venisi. Kama nimekukosea, uniwie radhi.”

Mama Kyalo, jirani yetu anayekaanga chapati nje, alimcheka mwanzo. “Venisi iko wapi, mzee? Wewe hata Kongowea hujafika mwaka huu, utafika ng'ambo?”

“Yuko na mimi mpangaji wa safari,” Baba akajibu, akinionyesha mimi. “Wewe niwie radhi tu, maneno mengi ya nini?”

Mama Kyalo akamwangalia vizuri, akaacha kugeuza chapati. “Yule kuku wangu uliyempiga kwa kandambili akachechemea mpaka Krismasi?”

“Huyo huyo.”

“Nimekusamehe. Na mimi nilikutukana kwa Kikamba siku hiyo, unisamehe pia.”

Wakacheka wote wawili. Tulipoondoka nikageuka nyuma, nikamwona amejifunika uso kwa aproni, na chapati yake ilikuwa inaungua.

Kila nyumba ilikuwa hivyo. Mzee Musyoka, aliyefanya naye kazi bandarini, alipokuja kumtazama alipewa vile viatu vizito vya kazini. “Chukua,” Baba alimwambia, “huko niendako hakuna mizigo.” Na Mzee Musyoka alivichukua, akavikumbatia kifuani kama mtoto.

Aliyebaki ni Ami Sufyan, ndugu mkubwa wa Baba, anayekaa Kisauni. Alikuja, akasimama mlangoni, na Baba alipomtaka radhi, badala ya kujibu kama watu wote aliuliza, “Pasipoti yako iko wapi? Tikiti iko wapi?” Baba akatabasamu tu. Ami akanishika mkono akanitoa nje, akaniambia, “Wewe ndiye msomi wa nyumba hii, na unamchezea mgonjwa. Radhi haitolewi kwa safari ya uongo. Kamwambie baba yako kwamba hakuna safari, kisha nitakuja nimpe radhi yake mbele ya watu. La sivyo, wallahi, sitii mguu wangu hapa.”

Mama amesikia maneno hayo, naye ameniambia nikifungua mdomo nitakuwa nimemuua Baba kabla ya siku yake. Sasa siku zinapita, na Baba ameacha hata uji, anapokea maji kwa kijiko, na kila asubuhi ananiuliza, “Sufyan hajaja?” nami nasema yuko njiani. Nikisema kweli namvunja, na nisiposema anaondoka bila radhi ya ndugu yake, na mwenye kosa nitakuwa mimi niliyechora ile ramani.

Tena kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Baba amewataka radhi watu wote, mpaka muuza maji wa mkokoteni. Mimi hajanitaka. Mimi ndiye ninayemshika, ninayemwosha miguu, ninayelala sakafuni kando ya kitanda chake, na hajaniambia neno hilo. Najiuliza kama amejua kwamba namdanganya, na moyoni amenikasirikia. Wakati mwingine bado natumaini kwamba ataamka siku moja aombe mkate, na nina aibu kuandika hivyo, lakini ndio ukweli. Naomba uniambie nifanye nini.

Wako mtiifu,
Binti wa Changamwe

BI MAHFOUDHA ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeiweka juu ya nyingine zote, kwa sababu wenzako wanaweza kungoja na baba yako hawezi.

Niache nikukaripie kidogo kwanza. Umeisoma Venisi mfereji kwa mfereji, na hujafika huko. Mtu aliyelala mbele ya macho yako hujamsoma! Baba yako ametumikia bandari maisha yake yote. Unadhani hajui kwamba mtu hatoki nchi hii bila karatasi? Je, amekuomba pasipoti? Ametaka sanduku? Amegawa viatu, ameuliza wafu wanavushwaje, na siku ya kurudi kila ukiigusa anakuambia uiache. Mwanangu, baba yako anajua anakokwenda. Alijua kabla yako. Kwa hiyo toa moyoni hilo la kumdanganya, halipo.

Alichokikosa ni njia ya kuaga watu wasimwangukie kwa kilio mlangoni. Angemwambia Mama Kyalo “nakufa, nisamehe,” ingekuwa msiba kabla ya msiba, na yeye ndiye angelazimika kuwatuliza. Kwa safari yako aliweza kutembea amevaa kanzu yake, akataniwa, akasamehewa kuku. Daktari aliwaambia mumpe roho yake inachotaka, na ni wewe uliyempa. Mama yako ana haki ya kuogopa, lakini mwambie kutoka kwangu kwamba hakuna siri ya kulinda katika nyumba hiyo. Aache kuzungukazunguka jikoni, akae na mumewe.

Ami yako mpelekee gazeti hili leo, na mstari huu asome mwenyewe. Bwana Sufyan, salamu zangu. Wewe ni mtu mzima, unajua safari gani mdogo wako anaisema. Ukitamka “nimekuwia radhi” utakuwa umekubali kwamba anaondoka, na hapo ndipo ulimi wako unapokwama. Nakuonea huruma, lakini usimtwike mtoto wa shule woga wako ukaupa jina la dini. Ulipomwuliza tikiti, yeye alitabasamu. Hukuona? Vaa uende. Usingoje watu wa kushuhudia. Mshike mkono umwambie umemwia radhi duniani na akhera, na wewe umtake yako, maana naamini nawe unayo ya kusamehewa. Ukichelewa utayasema hayo kwa mchanga.

Sasa turudi kwako, kwa lile uliloliandika mwisho, ambalo nadhani ndilo lililokufanya ushike kalamu. Unauliza kwa nini wewe hakukutaka radhi. Soma tena barua yako. “Tutalala,” “tutasali,” “tupite.” Katika safari hii amekuweka ubavuni mwake tangu siku ya kwanza. Mtu anaaga wanaobaki, hamwagi anayekwenda naye. Hakukasirika hata kidogo. Ameshindwa kukuachia mkono, na kila siku unaporudi na ramani yako unazidi kumshikilia.

Lakini wewe huendi. Unabaki. Na hilo ni lazima alisikie kwako, kwa sababu yeye hawezi kulianza. Keti karibu na kitanda, saa ile ile mliyozoea, mtazame, umwambie hivi: “Baba, safari hii mimi sitaweza. Nabaki na Mama, na nina masomo yangu. Wewe nenda. Naomba uniwie radhi.” Ishia hapo, usianze kufafanua wala kuomba msamaha wa ramani. Atakujibu, na kama sauti imekwisha, utauona mkono wake. Ukitokwa na machozi yaache yatoke. Mbele ya majirani alitaka kicheko, wewe ni damu yake.

Kuna mengine ya kufanya kwa mikono. Mama arudi hospitali ile iliyomtibu aulize kuhusu wauguzi wanaowafuata wagonjwa nyumbani na dawa ya maumivu, na asikubali kuambiwa avumilie tu. Msimlazimishe kula. Loweka kitambaa safi umpanguse midomo ikikauka. Wewe usilale sakafuni kila siku, mpokezane na mama yako, na Ami Sufyan naye akishakuja, apewe zamu yake badala ya hotuba. Mwalimu wako wa darasa umwambie, ni kazi yake kujua. Unaandika vizuri sana, na sitaki kusikia kwamba umeacha shule kwa huzuni.

Lile tumaini la mkate, usilionee aibu. Wallahi kila aliyewahi kuuguza analijua. Likae nawe mpaka litakapoondoka lenyewe.

Ramani usiibandue, hata chumba kitakapokuwa kitupu. Na siku ya tatu usiijaze sasa ili kazi isibaki nusu. Iache hivyo hivyo, nyeupe. Ukijaliwa, ukasoma, ukapata uwezo, utapanda ile boti mwenyewe, utapita kando ya kile kisiwa chenye ukuta na utamwombea baba yako dua. Halafu utakaa mahali uipange siku ya tatu, maana katika safari hii wa kurudi ni wewe.