Kadi za Baba Zimebanduka

Ijumaa, mjini Ibra

Hata moja haikuchanika, alhamdulillahi.

Baba alizibandika kadi zile za wachezaji wa besiboli alipokuwa mwanafunzi Amerika, na sasa kurasa za albamu zinapukutika. Kaka yangu Salim, aliyeko Sur, alinionya: "Utaziharibu, halafu utamwambia nini Baba?" Nilikuwa na khofu hasa.

Nilianza na moja iliyokwisha liwa na mende pembeni. Niliikata pamoja na karatasi yake, nikairoweka katika maji ya uvuguvugu, nikangoja. Sikuivuta. Gundi ikalainika, kadi ikaachia yenyewe. Hapo ndipo nikapata moyo wa kuzitia nyingine. Nikazikausha baina ya mataulo, juu nikalaza vitabu vizito.

Leo Baba aliporudi msikitini nikampa. Akazigeuza.

"Masikini, hapa nyuma sijapaona tangu ujana wangu!"

Akavaa miwani, akawa anasoma maelezo ya wachezaji, kadi moja moja, kwa sauti, mpaka kahawa ikapoa mbele yake.

Halafu akampigia Salim simu. "Dada yako kazitoa zote. Nzima!"

Mimi nilijitia kukunja nguo, kumbe nacheka peke yangu kama mwehu.