Mkaguzi Gani

Jumatatu, 9 Juni
Chai ya rangi, chapati ya jana, kompyuta. Nimeendesha modeli ya takwimu tena. Jibu ni lile lile: chama cha ushirika cha pamba kikikaguliwa hesabu, wanachama wanakikimbia. Nimelinganisha vijiji vilivyokaguliwa na visivyokaguliwa, kabla na baada. Tofauti haifutiki. Msimamizi wangu kaandika kutoka Dar kwamba haya ni makubwa. Nikikabidhi ripoti mwisho wa mwezi, narudi Tanga. Isipokubalika, msimu mwingine hapa Somanda, peke yangu.

Jumatano, 11 Juni
Salim kapiga. Zamani huyu mume wangu alikuwa akiuliza narudi lini. Siku hizi anauliza kama mvua imenyesha. Nikamwambia huku ni kiangazi. Nikamwambia mwisho wa mwezi, safari hii kweli. Akasema sawa. Sawa! Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi ili mwenye nyumba asisikie.

Ijumaa, 13 Juni
Kitu kinanikera. Vitabu vikaguliwe, mkulima akimbie? Angekimbia mwizi. Msimamizi anasema data imesema. Mimi sijaisikia. Kesho naenda kijijini Dutwa, niwaulize wenyewe.

Jumamosi, 14 Juni
Natamani nisingeenda.

Nilishuka kwenye bodaboda, nikasalimia, nikasema nimekuja kwa mambo ya ukaguzi. Mama mmoja, Nkwimba, alinyanyuka mbio, akanisalimia kwa Kisukuma, akamwaga pamba yake kwenye turubai mbele yangu. "Mwadila, mkaguzi! Shika mwenyewe. Haina maji, haina mchanga."

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Nikamuuliza mkaguzi wa msimu uliopita alikagua nini. "Si pamba? Aliikataa, akatusema mbele za wakwe. Tukahama chama."

Na wa hesabu? "Huyo anaingia ofisini, mayu. Sisi tutamjuaje?"

Swali langu kwenye dodoso lilikuwa fupi: Je, mkaguzi alifika? Nililiandika mwenyewe, nikalipenda. Orodha ya ofisi ya ushirika, ya vijiji vilivyokaguliwa hesabu, ilikuwa na mapengo, nikaona wanachama watayajaza. Wameyajaza kweli, kwa mkaguzi wa pamba. Mimi mtoto wa mhasibu, kwangu mkaguzi ni mmoja tu. Mjinga mimi.

Jumatatu, 16 Juni
Sijamwambia mtu. Hakuna wa kuambiwa. Ripoti ipo, imepangwa vizuri, majedwali yanapendeza. Nani atatoka Dar kuja Dutwa kumuuliza Nkwimba? Hakuna. Ila wapo viongozi wa vyama watakaosoma kwamba ukaguzi wa hesabu unafukuza watu, na watafurahi mno. Nimepanga nguo kwenye begi. Nimezitoa. Ugali umepoa, sina hamu.

Jumanne, 17 Juni
Nimemwandikia msimamizi kosa langu. Kajibu mchana: tunaanza upya, nibaki msimu mwingine, kijiji kwa kijiji. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Jumapili, 22 Juni
Nimeongeza neno kwenye swali. Mkaguzi wa hesabu. Ndiyo kazi yote ya wiki. Kesho safari ya Bukundi, kijiji cha kwanza.

Salim kapiga jioni. Nimemweleza yote, hata la Nkwimba na turubai. Nilidhani atacheka. Nilichosikia ni redio ya nyumbani kwetu. Kisha akauliza kama mvua imenyesha.

Nikamwambia bado, jua ni kali. Pamba inakauka vizuri.