Gari la Neema na Safari ya Ngarenanyuki

Jumatatu, 14 Julai

Nimechomeka gari. Tena. Waya unapita dirisha la jikoni, kwa hiyo dirisha halifungi, kwa hiyo baridi yote ya Meru inaingia kukaa nasi mezani. Mama Neema amekula chakula akiwa amejifunga kanga tatu na kuvaa koti langu. Anauliza huyu ni mgeni gani, yeye analala nje na sisi ndio tunaganda.

Gari ni la umeme, la Neema, binti yetu anayekaa Sekei. Amekwenda Dodoma kwenye mafunzo ya kazi, kaliacha hapa Akheri nililinde. Fisi kakabidhiwa bucha. Lilitumika kwanza Japani, betri imechoka kidogo, kama mwenye kulilinda. Pikapu yangu ya mafuta iko bandani. Imenuna.

Neema kanielekeza kwa simu: "Baba, kwenye mteremko usiweke free. Liache kwenye gia, gari linajirudishia umeme lenyewe." Nikasema ndiyo, mwanangu. Miaka arobaini nashuka mlima huu na free. Wote wa huku tunashuka na free, ndivyo mafuta yanavyobaki kwenye tangi. Leo gari lije lile mteremko lishibe? Wasomi.

Jumanne, 15 Julai

Tengeru na kurudi. Kushuka, free. Gari kimya mno. Kidogo nimgonge mama mwenye mkungu wa ndizi, akaruka pembeni.

"Mzee, piga basi hata kelele kwa mdomo!"

Nikatoa kichwa dirishani nikapiga: vuuuu. Akacheka, halafu akanitukana. Vyote viwili nilistahili.

Kupanda kurudi, namba ya chaji ilishuka kama bei ya nyanya wakati wa mavuno.

Mchana simu. Eliamani, mtoto wa kaka yangu Zefania, kutoka Ngarenanyuki, upande ule mwingine wa mlima.

"Baba mdogo, shikamoo. Mzee hali yake si nzuri. Anakutaka. Amesema uje na isale."

Nilikaa kwenye kigoda mpaka chai ikapoa. Isale kwetu ni jani la kuomba radhi. Unalipiga fundo, unampelekea uliyemkosea, na akishalishika hawezi kukataa. Kumbe Zefania ananiambia: njoo uombe, mimi nimeshakubali. Na akikubali atanitemea mate ya baraka kifuani, kama mkubwa anavyomfanyia mdogo. Miaka kumi na tisa hatujasemezana.

Kosa ni langu. Kiangazi kile zamu yake ya mfereji ilipofika niligeuza maji yakaja kwangu. Zamu tatu mfululizo. Utani. Nilitaka kumwona anavyotoa macho. Miche yake ya kahawa ikakauka yote, nami nikasimulia kilabuni kama kichekesho. Akauza sehemu yake akaenda kulima nyanya kule kwenye vumbi.

Jumatano, 16 Julai

Sikwenda. Lazima kwanza nijue niende na gari lipi. Nimepima.

Pikapu: nimekwenda Maji ya Chai na kurudi. Inakunywa kama mjomba kwenye arusi. Lakini sheli unaingia, unajaza, unamtania binti wa pampu, unatoka, na hata chai haijapoa. Tangi likijaa linanifikisha Ngarenanyuki, linanirudisha, na kesho yake linanifikisha tena.

La umeme: njia ile ile, senti zake ni za kununulia vitumbua. Halina oili ya kumwaga, halina plagi, halina fundi wa kukudanganya. Ila kushiba kwake ni kutoka chakula cha usiku mpaka jogoo awike, na bado halijashiba. Kwenda na kurudi Ngarenanyuki, kwa hesabu yangu, linafika likiwa limejaa pomoni. Likipungua kidogo, sijui.

Mama Neema alisimama mlangoni na ungo wake. "Baba Neema, ndugu yako anakufa, wewe unapima magari."

Nilimjibu kwamba safari ni mipango. Hakucheka.

Alhamisi, 17 Julai

Mbise amekuja, jirani yangu, mdomo wake ni mrefu kuliko barabara ya Moshi. Amelizunguka gari la Neema mara mbili.

"Hili ni gari au jokofu?"

"Jokofu lako linakufikisha Arusha mjini?"

"Na likizima njiani utalifufua na nini? Tochi?"

Tumebishana mpaka saa saba. Nilifurahi. Aliponiuliza habari za Zefania nikamwambia naenda kesho. Naogopa. Nimeandika sasa, basi. Naogopa uso wake.

Ijumaa, 18 Julai

Umeme umekatika tangu alfajiri. Ukungu mpaka kwenye migomba. Gari la Neema limelala na nusu ya tumbo.

Eliamani kapiga simu. Mzee anakula uji vijiko viwili. Anauliza. Nikasema umeme umekatika, mwanangu, gari halina chaji.

Pikapu ina mafuta. Nilijaza mwenyewe juzi. Sikwenda.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa kwa Zefania.

Umeme ulirudi, asubuhi gari lilikuwa limepita nusu kidogo. Nilikata isale pale kwenye mpaka wa shamba, nikapiga fundo, nikaliweka kwenye kiti. Mama Neema akaniambia chukua pikapu. Nikasema hapana, Zefania alikuwa akiicheka pikapu kwa moshi wake, leo atanyamaza. Nilitaka kuingia uwanjani kwake kama bwana harusi, kimya, nang'aa. Mzee wa miaka sabini na nne.

Nikashuka mpaka Tengeru na free. Nikawasha joto la kiti. Kiti moto, na si nguruwe. Makalio yalifurahi. Baada ya Maji ya Chai nikakunja kushoto kupanda, geti la hifadhi, kila kimteremko naweka free, najisifu. Namba inashuka. Nikazima joto la kiti, nimechelewa. Kwenye mawe yale makubwa gari likaanza kwenda polepole kama mtu anayekumbuka kitu. Likasimama. Hapakuwa na nguzo ya umeme wala nyumba. Twiga mmoja aliniangalia akaendelea kula.

Likija suala la mafuta, hata porini utapata mtu mwenye chupa. Umeme hakuna anayeuza kwenye chupa.

Nilisubiri mpaka jua likapinda. Akaja bodaboda.

"Shikamoo babu. Limeisha mafuta?"

"Marahaba. Halinywi mafuta."

"Sasa linakunywa nini?"

Nilimwambia anipakie tu. Nilishika isale mkononi njia nzima, vumbi lote likanipata.

Nilipofika wanawake walikuwa wamekaa nje, hawasemi. Zefania alikuwa anapumua. Macho wazi, hayaangalii mtu. Eliamani akasema aliacha kuongea adhuhuri. Nikapiga magoti, nikaweka isale kwenye kiganja chake. Nikamwita, Kaka. Vidole havikufunga. Nikavifunga mimi kwa mkono wangu. Nilipoachia, vikafunguka.

Jumapili, 20 Julai

Amefariki asubuhi, kengele ya kwanza ya kanisa ikilia.

Hakunitemea mate. Hakunitukana pia. Ningepokea lolote.

Jumatatu, 21 Julai

Vijana wamelikokota gari la Neema kwa trekta mpaka hapa. Wamelichomeka ukutani kwa marehemu. Waombolezaji wanaruka waya kwenda jikoni. Luku iliisha mchana, sufuria ya maharage ikabaki kwenye giza la moshi, kila mtu akaniangalia. Nimekula umeme wa msiba. Nikampa Eliamani hela akanunue mwingine. Hakuna aliyenitania. Ningependa wangenitania.

Jumanne, 22 Julai

Neema amefika kutoka Dodoma, na Mama Neema amepanda basi kutoka nyumbani. Neema hakuuliza kuhusu gari kwanza, alinikumbatia. Baadaye aliliwasha, akaangalia kioo chake kinachoandika kila kitu.

"Baba, ulikuwa unaweka free?"

"Ndiyo."

"Njia nzima?"

"Penye mteremko pote."

Akasema ningeliacha kwenye gia pengine ningefika. Pengine. Halafu akasema na joto la kiti. Halafu akaona uso wangu akazima kioo.

Jumatano, 23 Julai

Tumemzika. Mchungaji alisema maneno mazuri, hakunitazama, nashukuru.

Shemeji, mke wa Zefania, aliniita nyuma ya nyumba. Ameshika isale langu, limeanza kunyauka. Nikadhani atanirudishia. Akasema ataliweka ndani, yeye bado anafikiri. Yeye naye alimwagilia miche ile kwa ndoo, sikujua hilo. Kwa ndoo, kutoka mtoni, na Eliamani mgongoni—hapana, Eliamani alikuwa mkubwa tayari. Nachanganya. Alikuwa na mjukuu mgongoni.

Halafu akaniambia: "Tangu Jumanne mzee alikuwa anasikiliza barabarani. Likipita gari anasema, hiyo si pikapu ya mdogo wangu, pikapu yake inakohoa. Jumamosi hakusikia kitu."

Nilikaa chini kwenye majani. Alinisubiri nitulie, akanipa maji ya kunawa uso, akarudi kwa wageni.

Jumapili, 27 Julai

Tumerudi Akheri. Neema ameondoka na gari lake kwenda Sekei. Kabla ya kuondoka tuliketi nje, jua dogo lilitoka kwa mara ya kwanza wiki hii. Akaniuliza kwa upole, kunisemesha tu, nadhani: kati ya haya mawili, Baba, umeona lipi bora?

Nikamweleza kwa ukweli. Lake ni rahisi kuliendesha, litampeleka kazini na kumrudisha mwaka mzima kwa hela ya vitumbua, asilidharau. Ila alichomeke kila siku na asinipe mimi. Langu linakula hela, linanuka, lakini likiishiwa mtu yeyote atalisaidia.

"Na la kwenda kwa Baba mkubwa?"

Lolote, nikasema. Siku ile simu ilipopigwa, yote mawili yangefika.

Aliniwekea mkono begani. Mama Neema amefunga dirisha la jikoni. Nyumba ina joto.